Lenzi za machoni zinazopunguza kasi ya kutoona mbali kwa mtoto: mwongozo kamili kwa mzazi

Mtoto anapobadilishiwa miwani kila mwaka, kutoka -1.00 kwenda -1.75, kisha -2.50, wazazi wengi husema tu kwamba namba imepanda, wanalipia miwani mipya na maisha yanaendelea. Kinachotokea ndani ni kwamba jicho linarefuka. Mtoto mchanga huzaliwa na jicho lenye urefu wa takriban milimita 17, na mtu mzima asiye na tatizo huwa na milimita 23.5 hadi 24. Jicho likizidi urefu linaopaswa kuwa nao, picha ya kitu kilicho mbali huangukia mbele ya retina, na mtoto haoni ubaoni. Milimita moja ya ziada ni sawa na diopta 2.5 hadi 3 za miwani, diopta ikiwa ndicho kipimo cha ile namba ya miwani.

Miwani ya kawaida huirudisha picha mahali pake, basi. Jicho lenyewe huendelea kurefuka, na retina, ule utando mwembamba unaopokea mwanga, huvutwa pamoja nalo. Mtu anayefika -6.00 na kuendelea yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya retina kubanduka, presha ya macho, mtoto wa jicho mapema, na kuharibika kwa kitovu cha retina tunachotumia kusomea na kutambua nyuso. Upasuaji wa leza humwondolea mtu miwani, lakini haulifupishi jicho, kwa hiyo hatari hizo hubaki palepale. Ndiyo maana kila diopta inayookolewa utotoni ina thamani. Hesabu iliyochapishwa na Bullimore na Brennan mwaka 2019 inaonyesha kwamba kupunguza diopta moja tu ya mwisho hupunguza hatari ya kuharibika kwa kitovu cha retina kwa takriban asilimia 40.

Zipo lenzi za kuvaa machoni (contact lens) zilizobuniwa kwa kazi hiyo. Niseme mapema: hazirudishi namba nyuma, na hazisimamishi kabisa ukuaji wa jicho. Zinapunguza kasi. Na zinafaa tu katika nyumba inayoweza kutunza usafi wake kila siku bila kuchoka. Masharti haya mawili nitayarudia, kwa sababu hapo ndipo wazazi huumia.

Hatua ya kwanza: pima vizuri kabla ya kufikiria lenzi

Kipimo cha mashine ya dakika mbili dukani hakitoshi. Macho ya watoto yana nguvu kubwa ya kujikaza kuona karibu, na mtoto anaweza kuonekana ana -1.50 kumbe ana -0.50. Omba kipimo kinachofanywa baada ya matone ya kulegeza misuli ya jicho na kupanua mboni. Mtoto ataona ukungu wa karibu na atasumbuliwa na mwanga kwa saa kadhaa, kwa hiyo usimpeleke siku ya mtihani, na mchukulie kofia.

Vipimo vingine viwili usiviruke. Cha kwanza ni urefu wa jicho kwa milimita, unaopimwa kwa mashine ya mwanga bila kuligusa jicho. Hospitali nyingi zinazofanya upasuaji wa mtoto wa jicho zina kifaa cha kupima urefu huu, kwa sababu wanauhitaji kuchagua lenzi ya kupandikiza, kwa hiyo hata kama kliniki yako haina, uliza hospitali ya macho iliyo karibu. Kama ni kile cha mawimbi ya sauti kinachogusa jicho, usahihi wake ni mdogo zaidi, basi fuatilia kwa mashine ileile kila mara. Cha pili ni ramani ya konea, yaani kioo cha mbele ya jicho. Katika nchi zetu nakiona cha lazima. Watoto wengi huku wana mzio mkali wa macho: kuwashwa bila kukoma, utando mzito wa kamasi nyeupe, na weupe wa jicho kugeuka kahawia. Mtoto anayefikicha macho kwa miaka anaweza kupata ugonjwa wa konea kuchongoka, ambao nao hupandisha namba ya kutoona mbali. Huyo hahitaji lenzi za kupunguza kasi. Anahitaji daktari wa konea, na haraka.

Mtoto mwenye mzio unaoendelea asivalishwe lenzi mpaka mzio utulie chini ya uangalizi wa daktari. Hali kadhalika mwenye kope zilizovimba au kidonda cha jicho.

Ukishapata namba na milimita, ziandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Daftari hilo litakusaidia kuliko risiti zote.

Hatua ya pili: elewa lenzi inafanya nini

Miwani ya kawaida hulenga picha vizuri katikati ya retina, lakini pembeni mara nyingi picha huangukia nyuma yake. Majaribio kwa vifaranga na nyani yameonyesha kwamba jicho linalokua huisoma ishara hiyo ya pembeni na kurefuka kuifuata. Lenzi hizi hupeleka sehemu ya mwanga mbele ya retina huku katikati mtoto akiendelea kuona vizuri, na jicho hupata ishara ya kupunguza mwendo.

Zipo za aina mbili kubwa, na moja ya pembeni.

Lenzi laini za mchana, za siku moja. Inayojulikana zaidi ni MiSight 1 day, yenye duara za nguvu mbili zinazopishana. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliiidhinisha Novemba 2019 kwa watoto wanaoanza wakiwa na miaka 8 hadi 12, wenye namba kati ya -0.75 na -4.00. Utafiti wake ulifanyika Singapore, Kanada, Uingereza na Ureno. Baada ya miaka 3, watoto waliovaa lenzi za kawaida walipanda kwa wastani wa diopta 1.24, na waliovaa hizi kwa 0.51. Kwa urefu wa jicho ilikuwa milimita 0.62 dhidi ya 0.30. Mtoto huivaa asubuhi, anaitoa jioni na kuitupa.

Lenzi ngumu za usiku. Mtoto analala nazo, zinabonyeza konea polepole, na asubuhi anazitoa na kuona mchana kutwa bila miwani. Umbo hilo hurudi lilivyokuwa akiacha kuzivaa. Utafiti wa ROMIO wa Hong Kong, uliochapishwa 2012 kwa watoto wa miaka 6 hadi 10, ulikuta macho yamerefuka milimita 0.36 kwa miaka 2, dhidi ya 0.63 kwa waliovaa miwani ya kawaida. Jozi moja hutumika kwa muda mrefu, mara nyingi mwaka mmoja hivi, lakini lazima isafishwe kila siku.

Ya pembeni ni lenzi laini zenye nguvu zaidi ya moja ndani ya lenzi moja, zilizobuniwa kwa wazee wanaoshindwa kuona maandishi ya karibu, zile ambazo katikati yake ni pa kuonea mbali. Utafiti wa BLINK wa Marekani, wenye watoto 294, ulionyesha mwaka 2020 kwamba zenye nyongeza kubwa ya nguvu ya kuonea karibu, +2.50, zilipunguza kasi kwa asilimia 43. Zenye nyongeza ya +1.50 hazikuleta tofauti ya maana. Kwa hiyo mtaalamu akikutajia lenzi hizi, muulize mambo mawili: je, katikati ni pa mbali, na nyongeza ni ngapi?

Zile lenzi za rangi zinazouzwa kwenye maduka ya vipodozi hazihusiki kabisa na habari hii. Usimwekee mtoto.

Hatua ya tatu: chagua kwa kuangalia nyumba yako

Hapa nasimama kwa muda, kwa sababu tafiti zinaonyesha aina zote mbili zinafanya kazi, na kinachoamua ni maisha ya mtoto.

Mtoto yuko shule ya bweni? Basi lenzi za usiku sizishauri. Hakuna mtu mzima wa kumsimamia asubuhi na jioni, bafu ni la watu wengi, na kibweta cha lenzi kitaishia juu ya sanduku chini ya kitanda. Za siku moja zinawezekana kwa mtoto mkubwa aliyezoea, lakini kwa wengi walioko bweni miwani maalumu ya kupunguza kasi ndiyo njia ya busara.

Maji yanatoka wapi? Ya kisima, ya tangi la juu ya paa, hata ya bomba, yote yanaweza kuwa na kijidudu kiitwacho akanthamiba, kinachosababisha vidonda vya konea vibaya na vigumu kutibu. Maji ya namna yoyote hayapaswi kugusa lenzi. Haijalishi yamechemshwa, na haijalishi ni ya chupa. Kama unajua nafsini mwako kwamba siku dawa ya lenzi ikiisha mtu atasuuza kwa maji ya kunywa, chagua lenzi za kutupwa kila siku.

Hatari iwekwe wazi. Kwa lenzi za usiku, makadirio yaliyofanywa Marekani na kuchapishwa 2013 ni kwamba kati ya watoto 10,000 wanaozivaa kwa mwaka mmoja, takriban 14 hupata maambukizi ya konea. Ni wachache, lakini maambukizi hayo yanaweza kuacha kovu la kudumu. Za siku moja zina hatari ndogo zaidi, na watoto wadogo wanaosimamiwa na wazazi hupata matatizo machache kuliko vijana wa miaka ya kumi na tano na kuendelea, ambao hujiona wameshajua kila kitu.

Kisha pesa. Usiulize bei ya lenzi pekee. Macho mawili kwa mwaka mzima ni lenzi 730, yaani maboksi 24 ya lenzi 30 na ziada kidogo. Kwa lenzi za usiku, jumlisha jozi, jozi ya akiba, dawa ya kusafishia kila mwezi, na ziara za kliniki. Piga hesabu ya miaka 3, sio ya mwezi mmoja. Ukiona utaishia katikati, afadhali usianze na lenzi. Kuna miwani maalumu na matone ya dawa iitwayo atropini, ya kiwango kidogo, ambayo yote yana utafiti mzuri nyuma yake. Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki lenzi hizi hazipatikani kila kliniki, kwa hiyo piga simu kwanza na uulize moja kwa moja: mnavalisha watoto lenzi za kupunguza kasi ya kutoona mbali, na mnapima urefu wa jicho?

Hatua ya nne: kujifunza kuvaa na kutoa

Mtoto asitoke kliniki na lenzi kabla hajaweza kuzitoa mwenyewe mbele ya mtaalamu. Kuingiza unaweza kumsaidia. Kutoa lazima aweze, kwa sababu jicho likianza kuuma akiwa shuleni wewe hupo.

Anzeni Jumamosi asubuhi, kusiwe na haraka. Kucha fupi. Nawa kwa sabuni isiyo na mafuta wala manukato makali, suuza, kisha kausha mikono kabisa kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Kama mmoja wenu amekata pilipili au kuandaa kachumbari, sabuni mara moja haitoshi. Bora kazi hiyo ifanywe na mwingine siku hiyo. Anayepaka wanja au poda avae lenzi kwanza, na wanja usipite ndani ya mstari wa kope.

Lenzi laini iweke kwenye ncha ya kidole cha shahada na uitazame kutoka ubavuni. Iliyo sawa ina umbo la bakuli, ukingo ukiwa umesimama. Iliyopinduka ukingo wake hufunguka nje mithili ya sahani. Anza jicho la kulia siku zote, ili za kulia na kushoto zisichanganyike. Kidole cha kati cha mkono huohuo kivute chini kope ya chini, na mkono mwingine ushike kope ya juu kwenye mzizi wa nywele zake, maana ukishika katikati ya ngozi mtoto atapepesa na kuifukuza lenzi. Aangalie kioo, lenzi iguse jicho, aangalie chini, kisha aachie kope taratibu. Machozi ya dakika ya kwanza ni kawaida. Kama inachoma au inakwaruza, itoe. Usimwambie avumilie.

Kutoa: aangalie juu, kidole kiteremshe lenzi kwenye weupe wa jicho, kisha aibane kwa nyama za vidole viwili, sio kucha.

Lenzi ngumu za usiku zina namna yake. Zijaze matone yasiyo na vihifadhi, mtoto ainame uso ukiwa sambamba na meza, na lenzi iletwe jichoni kutoka chini ili kusiingie kiputo cha hewa. Asubuhi lenzi huwa imeganda. Weka matone, asubiri, apepese, na asiitoe mpaka aione inacheza kwenye jicho. Kuing'oa iliyoganda ni kuikwangua konea.

Familia ya Kiislamu ijue mpangilio huu: mwenye lenzi za usiku azitoe kwanza kwa mikono mikavu, ndipo atawadhe kwa ajili ya Alfajiri. Mwenye za mchana afumbe macho vizuri anapoosha uso, na afute kope kabla ya kuyafungua. Kuogelea baharini au kwenye bwawa ukiwa na lenzi machoni, hapana.

Hatua ya tano: ratiba

Lenzi za mchana hufanya kazi zikiwa machoni tu. Lengo ni saa 10 au zaidi kwa siku, angalau siku 6 kwa wiki. Anza kwa saa chache na kuongeza ndani ya wiki moja. Siku za mwanzo mtoto anaweza kuona kivuli pembeni mwa herufi au duara kuzunguka taa usiku, na wengi huzoea. Lenzi ya siku moja haivaliwi siku mbili hata ionekane safi namna gani, na mtoto halali nayo.

Za usiku huvaliwa kila usiku, saa 8 hivi. Kuona mchana hutengemaa ndani ya wiki moja au mbili, na katika kipindi hicho namba inabadilikabadilika, kwa hiyo muombe mtaalamu lenzi laini au miwani ya muda ya kwenda nayo shule. Siku mtoto ana mafua mazito, homa, au jicho jekundu, asivae. Kukosa usiku mmoja hakuharibu kitu.

Miwani ya namba sahihi iwepo kila wakati, hata kwa mtoto mwenye lenzi. Mwalimu wa darasa naye aelezwe. Na usikubali ushauri wa kumpa mtoto miwani yenye namba pungufu eti macho yasizoee. Utafiti uliofanyika Malaysia na kuchapishwa 2002 ulikuta watoto waliopunguziwa namba walipanda haraka zaidi, sio polepole.

Hatua ya sita: usafi wa lenzi za usiku

Sugua lenzi kwa dawa yake kiganjani, suuza kwa dawa, weka kwenye kibweta chenye dawa mpya. Kuongezea juu ya ya jana ni kosa kubwa linalofanywa na watu waangalifu wanaotaka kubana matumizi. Kibweta kimwagwe, kikaushwe kikiwa kimeinamishwa, na kibadilishwe kila miezi 3 au mapema zaidi. Kisiwekwe chooni wala bafuni. Kama dawa yenu ni ile ya peroksaidi, tumia kibweta chake chenye kiini cha kuizimua, na subiri muda wote ulioandikwa, kwani ikiingia jichoni kabla haijazimuliwa inaunguza.

Hatua ya saba: dalili za kukimbilia hospitali

Jicho jekundu, maumivu, kuogopa mwanga, machozi yasiyokoma, ukungu, au doa jeupe kwenye kioo cha jicho. Toa lenzi papo hapo. Dalili zisipoondoka ndani ya saa chache, au kama kuona kumepungua, nenda siku hiyohiyo kwa daktari wa macho, hata kama ni Jumapili. Beba lenzi na kibweta kama vilivyo, maabara inaweza kupata kijidudu humo.

Usiweke matone yaliyobaki ya mtu mwingine, hasa yenye steroidi, ambayo hupunguza wekundu huku maambukizi yakizidi kuchimba. Wala asali, maziwa ya mama, au dawa ya majani. Nayaandika haya kwa uchungu, kwa sababu konea nyingi zenye makovu zilipitia huko kabla ya kufika hospitali.

Hatua ya nane: kufuatilia

Kwa lenzi za usiku, ziara ya kwanza ni asubuhi baada ya usiku wa kwanza, kisha wiki moja, mwezi mmoja, na kila miezi 3. Za mchana: wiki moja, mwezi mmoja, kisha kila miezi 6. Urefu wa jicho upimwe angalau mara mbili kwa mwaka. Kwa mtoto mwenye lenzi za usiku milimita ndizo za kuaminika zaidi, kwa kuwa konea iliyobonyezwa huificha namba halisi.

Jicho la mtoto wa miaka 8 hadi 12 asiye na tatizo hurefuka takriban milimita 0.1 kwa mwaka, hivyo usitarajie sifuri. Kama daftari linaonyesha 0.3 kwa mwaka licha ya kuvaa ipasavyo, zungumza na mtaalamu kuhusu kubadilisha njia au kuongeza atropini.

Pamoja na lenzi, mtoto atoke nje mchana kwa saa 2 kila siku. Mwanga wa nje una ushahidi mzuri zaidi katika kuzuia tatizo lisianze, na haugharimu chochote. Kitabu na simu viwe umbali wa kiwiko hadi kifundo cha kidole cha kati, na kila baada ya dakika 20 ainue macho aangalie mbali.

Lini kuacha

Usiache kwa sababu namba haikupanda mwaka mmoja. Hiyo ni dalili kwamba njia inafanya kazi. Utafiti wa COMET wa Marekani ulikuta karibu nusu ya watoto wenye tatizo hili hutulia wakiwa na miaka 15, asilimia 77 wakiwa na 18, na asilimia 90 wakiwa na 21. Kwa hiyo panga kufika angalau mwisho wa sekondari. Ukiacha, endelea kupima urefu wa jicho kila miezi 6 kwa mwaka mmoja au zaidi, na kama unaanza kukimbia tena, rudi kwenye lenzi.

Mwenye namba kubwa aendelee kukaguliwa retina kwa matone ya kupanua mboni kila mwaka hata ukubwani. Mfundishe mapema dalili za retina kubanduka: miale inayomweka pembeni, vijidoa vyeusi vingi vinavyoelea ghafla, au pazia jeusi linaloziba upande mmoja wa jicho. Akiziona aende hospitali ya macho siku hiyohiyo, asingoje kesho.